Picha zinang'aa, moyo haujaguswa: kasoro iko wapi?

SWALI: Ndugu mhariri, wenzangu hulia wakitazama katuni ya Kijapani *5 Centimeters per Second* ya Makoto Shinkai. Mimi huishia kusifia mawingu. Je, kuna hisia mle ndani au ni mapambo tu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Inategemea mnazungumzia sehemu gani. Filamu hii ya mwaka 2007 ina dakika kama 63 na sehemu 3, na hazilingani nguvu.

Katika ya kwanza, kijana Takaki anatoka Tokyo kwa treni kwenda Iwafune, mkoani Tochigi, kumwona Akari, msichana anayempenda tangu utotoni. Ahadi yao ni saa 1 jioni. Anafika saa 5 usiku imeshapita. Theluji hapo si pambo. Ndiyo inayosimamisha treni na kula muda, na kila saa inayoonyeshwa inazidi kumkaba mtazamaji koo. Iondoe theluji, hadithi hakuna.

Ya pili iko kisiwani Tanegashima, na kwetu ndiyo bora. Kanae anataka mambo mawili: kusimama juu ya ubao wa mawimbi na kumwambia Takaki kwamba anampenda. La kwanza analiweza. La pili linakwama siku roketi inaporuka, moshi wake ukaikata mbingu vipande viwili, naye akatambua kwamba macho ya kijana yule yako mbali kumpita yeye. Mbingu nzuri, ndiyo, lakini imembadilishia mtu uamuzi.

Ya tatu ndiyo iliyokuangusha. Mwanamke aliyekuwa na Takaki miaka 3 anapita kama kivuli. Huzuni yao tunaletewa kwa ujumbe wa simu, hatuwaoni wakishindwa kuzungumza. Kisha wimbo wa Masayoshi Yamazaki wa mwaka 1997 unabebeshwa mzigo wote juu ya picha za harakaharaka. Aliyenaswa tangu kwenye theluji atalia. Ambaye hakunaswa ataona tangazo zuri la shirika la reli.

(Kuhusu jina: petali ya mcheri ikianguka sentimita 5 kwa sekunde, kutoka tawi la mita 5 itachukua sekunde 100 kufika chini. Petali halisi haina subira hiyo. Lakini ni maneno ya Akari akiwa mtoto.)

SWALI: Nachora kwa kompyuta katuni ya mapenzi ya dakika 3. Mandhari yanapendeza, wahusika wanaonekana kama stika zilizobandikwa. Nifanyeje?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Ustika unatokana na rangi. Mhusika amepakwa rangi bapa mbele ya mandhari yenye mwanga wake. Chukua rangi ya kivuli cha mandhari, iweke kama tabaka juu ya mhusika kwa ukolezi wa asilimia 20 hadi 30, kisha ubadilishe mstari mweusi wa pembeni uwe na rangi ya mwanga unaompiga. Katika *The Garden of Words* (2013) Shinkai anaurudisha ukijani wa bustani kwenye ngozi za watu, nao wanakaa mahali pao.

Ugumu wa hisia ni suala la hesabu. Sekunde ina fremu (picha moja moja za filamu) 24. Mchoro mmoja ukishika fremu 3, unahitaji michoro 8 kwa sekunde, yaani 1,440 kwa dakika zako 3 kama mhusika mmoja anasogea muda wote. Mandhari tulivu ni mchoro mmoja tu, hata kamera ipite juu yake sekunde 10. Ndiyo sababu mchoraji aliye peke yake hukimbilia machweo. Kimbilia, ila si pale mhusika anapoamua jambo. Tenga sekunde 20 za uamuzi huo, zipe michoro 12 kwa sekunde (jumla 240), kwingine ubane matumizi.

Rekodi sauti kabla ya kuchora, ili urefu wa kimya utoke kwa msemaji. Kabla ya jibu zito acha fremu 18 hadi 30: macho yashuke, kichwa kifuate, mdomo uwe wa mwisho. Vikisogea pamoja umechora kikaragosi. Muziki usiuweke mpaka tukio lisimame bila huo muziki.