Kabla hujanunua betri nyingine, pima chaji

Msomaji mmoja wa Pangani kaniandikia juzi. Betri ya kirikuu chake, kile kigari kidogo cha mizigo, bado mpya, lakini asubuhi gari haliwaki, na fundi anamwambia anunue nyingine. Ndugu yangu, usitoe hela. Hili lilinipata na mpaka leo linaniuma.

Nabeba machungwa kutoka Muheza kuleta Tanga mjini. Jioni moja nimeshapita Mkanyageni, mzigo umejaa, taa za mbele zikaanza kufifia. Ile taa nyekundu ya betri ikawaka, redio ikakata, gari likazima. Vijana wa bodaboda wakanisukuma hadi pembeni, Mungu awalipe. Mwenye Noah akanibustia, likawaka, mbele kidogo likazima tena. Alteneta, ile mashine inayozungushwa na injini kuchaji betri, ilikuwa imeacha kuchaji, gari linakula akiba ya betri tu.

Fundi wa kwanza hakupima kitu. Alitazama, akasema betri, nikanunua. Haikupita wiki, hali ileile. Nilipomrudia akanijibu mbele za watu kwamba mimi sijui kutunza gari. Mimi, ninayeliosha kila Ijumaa!

Mzee mmoja wa Ngamiani ndiye aliyetoa mita. Injini ikiunguruma, betri inatakiwa isome kama volti 13.8 hadi 14.4. Yangu ilisoma 12 na ushei, na inazidi kushuka. Akafungua alteneta: kaboni, vile vipande vyeusi vinavyopitisha umeme ndani yake, zimelika zote. Akaweka mpya, akakaza mkanda unaoizungusha, akaichaji betri kwa chaja kwanza ili alteneta isielemewe. Hela yake haikukaribia hata kidogo bei ya betri ile.

Sasa wewe unayetaka kirikuu cha pili na cha tatu kama mimi, sikiliza. Pima gari likiwaka. Angalia vichwa vya betri, maana kwa upepo huu wa bahari ukungu mweupe na wa kijani haukawii kuota, usugue. Mkanda ukipiga kelele, usiongeze sauti ya redio. Na mtu asikuchomolee waya wa betri injini ikiwa inaunguruma eti anapima alteneta: umeme unaweza kuruka juu ghafla ukaunguza kontroli boksi, ile kompyuta ya gari. Chaji ikisoma vizuri na bado asubuhi betri imekufa, basi kuna kitu kinanyonya usiku, pengine ni dayodi za alteneta yenyewe, vile vidude vya kuzuia umeme usirudi nyuma.

Wa Pangani, kesho simama karibu na fundi, uisome mita kwa macho yako. Akikataa kupima, washa gari uondoke. Likigoma kuwaka, lisukumeni.