Mavyaa kaacha chai ya maziwa, magoti bado yanauma

SWALI: Asalaam aleikum Bibi. Mavyaa wangu ana miaka 63 na magoti humvimba tangu Ramadhani. Jirani alimwambia maziwa ya ng'ombe "yanawasha moto mwilini", basi siku hizi mahamri anakula kwa sturungi. Sasa jirani huyo huyo amemuuzia vidonge vya laktoferini kwa shilingi 4,500, eti vinauzima huo moto. Nimesoma kibandiko: ni protini ya maziwa ya ng'ombe! Asubuhi hunywa maziwa ya ngamia, mabichi, akisema hayo ni dawa. Mie nimechanganyikiwa. Protini ya maziwa inawasha au inazima?
Mkaza mwana, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Umenichekesha, si kwa ubaya. Maziwa yamefukuzwa mlangoni, yakaingia dirishani yamo chupani.

Pasha kikombe cha maziwa kiwe vuguvugu, kamulia ndimu, ngoja. Yatakatika: mapande meupe, na maji ya rangi ya manjano-kijani. Mapande yale ni kaseini, ambayo ni kama asilimia 80 ya protini ya maziwa ya ng'ombe. Protini nyingine zimo kwenye maji, na humo ndimo ilimo laktoferini, kidogo mno, kama sehemu ya kumi ya gramu kwa lita. Maziwa ya mama yana zaidi ya gramu moja kwa lita, na dang'a ina zaidi ya hapo.

Kazi yake naipenda. Huyanyakua madini ya chuma, bakteria wakayakosa. Tena hujibandika kwenye sumu iliyo katika ganda la baadhi ya bakteria, ile ambayo seli za kinga zikiigusa hupiga king'ora na kumwaga kemikali za kuita wenzao. Hapo ndipo mahali huvimba, pakapata joto, pakawa pekundu na kuuma. Sumu ikifunikwa, king'ora hupungua. Wala mwili haumngoji ng'ombe: laktoferini imo kwenye machozi yako, na imo ndani ya nyutrofili, chembe nyeupe za damu nilizozihesabu kwa darubini miaka 28, kiini chake kimekatika kama shanga tatu nne kwenye uzi.

Lakini mengi ya haya yameonekana kwenye visahani vya maabara, seli zikimwagiwa protini moja kwa moja. Tumbo la mavyaa wako si kisahani. Mna asidi na vimeng'enya, na protini hukatwakatwa humo. Uingereza waliwapa laktoferini ya ng'ombe watoto njiti, katika jaribio la watoto zaidi ya 2,200, wakitaraji itawakinga na maambukizi. Majibu yalitoka 2019: haikuyapunguza. Njiti si magoti, najua, lakini mie simwambii mtu atoe 4,500 kwa tumaini hilo.

Na kuwasha je? Kwa mwenye mzio wa protini za maziwa, ndiyo. Kinga yake huiona kaseini au nyingine kuwa adui. Akatoka vipele, akavimba midomo, hata pumzi zikambana. Huyo asiyaguse. Kujaa gesi na kuharisha mara nyingi ni habari ya sukari ya maziwa isiyosagika, kinga haimo. Kwa watu wazima wengine, majaribio yaliyopima alama za uvimbe kwenye damu, kama CRP, kwa jumla hayakuona maziwa yakizipandisha.

Kilichonishtua mie ni ngamia. Kweli, maziwa yake hayana beta-laktoglobulini, protini iliyo nyingi kuliko zote katika yale maji ya maziwa ya ng'ombe. Lakini mabichi, mwanangu! Brusela, bakteria wa mifugo, hupita humo humo, na ugonjwa wake huleta homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, magoti yakiwamo. Maabara nilikuwa nikipokea damu ya mtu aliyekwisha meza dawa za malaria mara mbili tatu, kumbe ni brusela.

Kwa hiyo muulize, kwa upole, unajua mavyaa walivyo: magoti yalianza kabla ya ngamia au baada? Halafu mpeleke hospitali aangaliwe. Yaweza kuwa ni gegedu la uzee tu linalosagika, lakini daktari ajue habari za maziwa mabichi hata asipouliza, na damu ipimwe brusela.

Chai yake mrudishieni. Maziwa ya ng'ombe au ya ngamia, yachemke hadi yapande. Laktoferini itaharibika kwa moto huo. Haidhuru, hakuwa akiitegemea. Na ile chupa, kama kifuniko hakijavunjwa, irudi kwa jirani na risiti yake.