Swali la lugha: serikali inaingilia kati ya nani na nani?

Msomaji mmoja wa Morogoro kaniandikia hivi: "Mwalimu shikamoo. Kijiweni kwetu juzi tumebishana nusura tugombane. Jamaa mmoja anamwita mangi wa mtaani bepari eti kwa vile kapandisha bei ya sukari, mwingine anasema bepari lazima awe na kiwanda sio kibanda, mimi nikasema serikali iingilie kati, nikaitwa mkominist. Nani yuko sahihi?"

Marahaba mwanangu. Bepari tulimalize chapchap maana silo linaloniuma. Limetoka Uhindini, kwa Wagujarati na jirani zao, huko ni mfanyabiashara tu, mtu wa kununua na kuuza, na watu wa mwambao wakalichukua hivyohivyo bila ubaya wowote. Ubaya umeongezwa baadaye, siasa zilipohitaji jina la yule mwenye kiwanda anayeishi kwa jasho la wenzake. Kwa hiyo kwa maana ya kale mangi wenu ni bepari kabisa, kwa maana hiyo ya pili, ya Karl Marx baba wa ukomunisti, hapana, maana mtu anayejifungia kibandani mwenyewe kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tano usiku anapima unga kwa mkono wake, huyo anamnyonya nani zaidi ya mgongo wake? Wapenda nadharia humwita bepari uchwara. Wote wawili wamepatia, walipe kahawa waondoke.

Sasa njoo wewe. "Serikali iingilie kati." Hapo ndo umenipandisha presha.

Hili neno nimelichoka jamani. Ukifungua redio, serikali imeingilia kati. Mafuta yamepanda, iingilie kati, korosho hazina mnunuzi, iingilie kati, nauli, mbolea, saruji, kila kitu iingilie kati. Hivi kati ya nani na nani? Kwa Kiswahili nilicholelewa nacho mtu anaingilia kati pakiwa na wawili wanaozozana, mume na mke wanatupiana sufuria, jirani anaruka ukuta anasimama katikati, anakula kofi moja lisilo lake, wanatulia. Yupo huyu, yupo yule, na kati ipo. Haya nionyeshe kati ya kwenye sukari. Mangi na mteja hawapigani, mteja kauliza bei, kaguna, kanunua robo badala ya nusu, kaondoka. Na wengine wanaona hiyo "kati" ni mzigo wanaitupa, utasikia "serikali imeingilia uchumi", we! Kuingilia likisimama peke yake lina kesi yake mahakamani na kifungo chake, wazee wanasikiliza.

Lakini tuache utani. Ubaya wenyewe ni kwamba neno moja limemeza vitenzi vyote vya maana, na vitendo vyenyewe havifanani hata kidogo. Tubaki kwenye sukari yako. Serikali inaweza kuipangia bei. Inaweza kupunguza ushuru. Inaweza kufungulia ya nje iingie au kuizuia isiingie. Inaweza kutoa ruzuku. Inaweza kukitaifisha kiwanda chenyewe. Inaweza kumkamata aliyeificha ghalani. Na kila moja hapo ina wa kucheka na wa kulia, ukizuia ya nje anacheka mwenye kiwanda analia mnywa chai, ukiifungulia kilio kinahamia kwa mkulima wa miwa. Sasa wewe uliposema iingilie kati uliomba lipi? Hujui, na waliokuita majina nao hawajui. Ndo maana watu wanakesha wanabishana ubepari na ukomunisti, mmoja anapinga kutaifisha, mwenzie anatetea ruzuku, wote wanaita kuingilia kati, kukipambazuka kumbe hawakuwahi hata kupingana.

Bei yenyewe nayo ina balaa lake. Mwaka 2016 Tanzania ilitangaza kilo ya sukari iuzwe shilingi 1,800 wakaiita bei elekezi. Elekezi! Kibao cha barabarani kinaelekeza, ukikipita umepotea tu, hakuna anayekufukuza. Lakini mangi aliyeuza 2,200 alifuatwa dukani. Sasa hiyo ilielekeza au iliamrisha? Wenzao wa EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, kwenye petroli na dizeli wanasema bei kikomo, neno limenyooka, kikomo ni kikomo, ukikivuka unajua umevuka.

Wala msiniambie Kiswahili kina upungufu, kilishaifanya hii kazi. Azimio la Arusha limetangazwa tarehe 5 Februari 1967, kesho yake benki zikataifishwa, na hakuna aliyesema serikali imeingilia kati mabenki. Taifa limegeuzwa kitenzi, mtoto wa darasa la pili anaelewa kwamba kilichokuwa chako sasa ni cha wote. Mwaka 1973 ikaja Tume ya Bei, kazi iko kwenye jina. Mwaka 1983 ukapita msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, watu wakamwaga sukari na sabuni usiku wasikutwe nazo. Sera zenyewe ukitaka zipende ukitaka zichukie, mi nimepanga foleni ya duka la kaya, lile la mgao, nikiwa kijana na wala sina hamu ya kurudi, ila ulijua nini kimefanyika na nani kafanyiwa.

Majirani zetu Kenya nao, mwaka 2017 pakiti ya unga ya kilo mbili ilishushwa mpaka shilingi 90, 2022 karibu na uchaguzi ikawa 100, serikali inafidia wasagaji ili wewe ununue rahisi. Hiyo ndo ruzuku. Ruzuku na riziki ni ndugu wa tumbo moja, Kiarabu hicho, na kuruzuku zamani ilikuwa kazi ya Mungu peke yake, serikali imeazima tu. Neno tamu hivyo, halafu mtu anasoma taarifa "serikali yaingilia kati bei ya unga" utadhani askari wamevamia mashine ya kusaga.

Kuhusu lile jina walilokuita, walikuonea. Kutaka bei ipangwe hakukufanyi mkomunisti, mkomunisti hasa anataka kiwanda chenyewe kisiwe cha mtu binafsi. General Motors, kampuni ya magari, ilipofilisika mwaka 2009 serikali ya Marekani ilichukua karibu asilimia 60 ya hisa, wapo waliompigia Obama kelele kwamba analeta ujamaa, hisa za mwisho zikauzwa 2013 na nchi ikabaki ya kibepari vilevile. Upande wa pili Lenin mwenyewe, mkubwa wa wakomunisti wa Urusi, mwaka 1921 aliwaruhusu wachuuzi warudi sokoni, yaani mangi wenu angepata pa kuuzia Moscow. Na Kenya mwaka 1965 iliandika sera ya uchumi ikaiita ujamaa wa Kiafrika, ubepari ukaendelea kunywa chai kivulini bila kushtuka. Kwa hiyo haya majina msiyaamini sana, ulizeni kimefanywa nini.

Najua kuingilia kati silitoi, limeshakaa bungeni, limeshakaa kwenye mitihani, hata mhariri wangu analipenda. Basi nawapa ruhusa moja. Wakulima wa miwa wakivutana na mwenye kiwanda juu ya bei ya tani na serikali ikawaita wote mezani, hapo sema imeingilia kati, sitakunja uso, maana wawili wapo na kati ipo. Zaidi ya hapo taja kitendo. Kesho rudi kijiweni useme "serikali ifungulie sukari ya nje", utabishiwa vilevile, pengine zaidi, maana lazima kuna mmoja hapo ana shamba la miwa Kilombero au Turiani.

Na neno ni mkomunisti, usiligeuze u kuwa i wala usilikate mkia.