Minyoo inayowala inzi wa vyura wako

Pole sana, dada. Unasema minyoo meupe yenye ute hutoka usiku ndani ya tangi la kioo la vyura wako, na inzi wa matunda unaowalisha vyura wanaisha. Usiku zima taa, washa tochi, umguse mmoja kwa kijiti. Akirusha ghafla uzi mweupe kutoka kichwani, kisha akajivuta mbele upesi, huyo ni mnyoo utepe (nemertea, si tegu). Hamuumi chura, ila humnyang'anya chakula, na vyura wachanga hukonda haraka. Minyoo midogo mno kama nyuzi, inayopungapunga kwenye kioo chenye unyevu, iache, haidhuru.

Mimi niliwahamisha vyura wote, nikaweka bakuli la barafu kavu (kabonidayoksaidi iliyogandishwa) ndani ya tangi, nikafunika hadi asubuhi. Kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa, hivyo hushuka hadi kwenye udongo, na mimea yangu haikufa. Vaa glavu nene na fungua madirisha, tafadhali. Gesi hiyo huua hata mtu. Mayai husalia, kwa hiyo rudia baada ya wiki mbili, hata mara tatu. Usimwage dawa ya wadudu kamwe: ngozi ya chura hunyonya kila kitu. Pitisha hewa vizuri kabla ya kuwarudisha.