Mkuu, hayo magamba usiyaguse! Sururu kwanza, deraya baadaye

Toka kwenye hiyo fuawe. Sasa hivi. Ukishatoka ndipo usome.

Umeandika kwamba kwenye Terraria yako, lile gemu la kuchimba na kupigana, Eater of Worlds (bosi mnyoo) keshakufa, umevaa deraya ya platinamu, una magamba yake kama hamsini na unataka kutengeneza seti nzima ya deraya ya Shadow "halafu sururu nitajua mbele ya safari". Wikiendi binamu yako anakuja na mhusika wake mwenye mabawa kukupigia Wall of Flesh, yule bosi wa kuzimu. Nimesoma hapo tumbo likanikata.

Piga hesabu na mimi. Seti ya Shadow inakula magamba 45: kofia 10, kifua 20, miguu 15. Hapo bado vipande 60 vya madini ya Demonite, na kila kipande ni mawe matatu tanuruni. Nightmare Pickaxe, ndiyo sururu yenyewe, inataka vipande 12 na magamba 6. Una magamba hamsini, seti imekula 45, umebaki na matano. Sururu inataka sita. Umekwama kwa gamba moja, mkuu, na umependeza kweli kweli.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba hili gemu halikupimi kwa nguo. Linakupima kwa nguvu ya sururu. Deraya mbovu itakuua, utafufuka, utarudi. Sururu dhaifu haikuui, inakuacha umesimama mbele ya jiwe unagonga, kelele inatoka, jiwe halipati hata ufa. Ukiishikilia sururu, soma maelezo yake, utaona asilimia. Sururu ya fedha ni 45, na jiwe la kimondo linataka 50, Demonite inataka 55. Dhahabu ni 55, platinamu 59. Hellstone, madini ya kuzimu chini kabisa ya dunia, inataka 65. Nightmare Pickaxe ina 65 kamili, haizidi hata moja. Sasa umeona kwa nini Eater of Worlds yupo pale alipo? Bila magamba yake huendi popote.

Mimi magamba yangu yote niliyamalizia kwenye nguo, na sikufanya hivyo kwa kukurupuka. Nilielekezwa. Kuna jamaa ana video, sauti nzito, kofia kaigeuza nyuma, anakwambia "usihangaike na Nightmare, nenda baharini ukavue Reaver Shark, ni samaki na ni sururu, ina asilimia 100, unaruka daraja zima". Nikamwamini. Bando langu nimelimaliza kwenye video yake, naye kwa kujiamini vile ungedhani ndiye aliyelitengeneza gemu. Nikatengeneza seti ya Shadow, nikakaa ufukweni na ndoano. Wenzangu wanavua changu, mimi navua sururu. Nilipompata nikashangilia hadi nyumbani wakaja kuuliza kuna nini. Nikasoma maelezo: 59. Sawasawa na platinamu niliyokuwa nayo mfukoni!

Kumbe toleo la 1.4 lilipotoka Mei 2020 walimshusha yule samaki kutoka 100 hadi 59. Video ilikuwa ya kabla ya hapo, na mpaka leo iko palepale inavuna watazamaji, haina hata mstari mmoja chini wa kusema "jamani hii imepitwa". Mtu anapata pesa ya matangazo, wewe unapata samaki. Ukiangalia video yoyote ya Terraria tazama tarehe kwanza, ikiwa ni ya kabla ya 2020 iangalie kama unavyoangalia tamthilia.

Basi ningeishia hapo ningecheka yakaisha. Ila na mimi nilikuwa na "binamu" wangu. Rafiki wa kwenye grupu, bingwa, kila ukiuliza swali anajibu "nikija nakumalizia". Akaja. Tukashuka kuzimu, mimi nilidhani tunaenda kutalii tu. Kule kuna mapepo, na mmojawapo anaruka huku amebeba doli la Guide, yule mhusika anayekupa maelekezo. Bingwa akamlenga pepo akiwa juu ya lava. Pepo akafa, doli likadondoka kwenye lava, na doli likigusa lava kule chini ndiyo umeshamwita Wall of Flesh, gemu halikuulizi una uhakika au la. Nikageuka nikimbie, ulimi ukanitokea nyuma ukanivuta kama mtoto aliyetoroka shule. Bingwa anacheka. Kaupiga ule ukuta huku anazungumza na mtu mwingine kwenye simu.

Ukuta ukifa dunia inaingia Hardmode, ile ngazi ngumu, na hakuna kitufe cha kurudi. Uovu, yaani Corruption, ile ardhi ya zambarau, unakatiza dunia kutoka chini kwenda juu upande mmoja, upande mwingine Hallow, ardhi takatifu, na vyote vinaanza kutambaa. Mimi hapo nina deraya nzuri ya Shadow na sururu ya 59.

Ukuta ulidondosha ile nyundo, Pwnhammer, ya kuvunjia madhabahu za pepo. Nikavunja ya kwanza, maandishi yakatokea kwamba dunia imebarikiwa kobalti. Ya pili Mythril. Ya tatu Adamantite. Raha! Nikaendelea kuvunja kila niliyoiona. Hakuna aliyenieleza kwamba mzunguko ukirudia, madhabahu inakupa madini pungufu kuliko mwanzo, na kwamba kila ukivunja moja kuna uwezekano jiwe fulani huko chini likageuka kuwa la uovu au la Hallow, likaanza kuambukiza majirani zake. Bingwa keshaondoka, kalala.

Nikashuka nikaikuta kobalti ya kwanza, buluu, inang'aa ukutani. Nikagonga. Nikagonga tena. Kobalti inataka 100. Molten Pickaxe, ya Hellstone, ina 100 kamili. Hellstone inataka 65, na 65 ni ya Nightmare, na Nightmare ni magamba, na magamba nimeyavaa mwilini. Nikasema basi nimwite tena Eater of Worlds. Chambo chake ni nyama oza 15 na unga mwovu 30, ila unakitengenezea wapi? Kwenye madhabahu ya pepo. Zile nilizokuwa nimetoka kuzivunja kwa furaha. Hapo ndipo nilipoweka simu kwenye chaji nikaenda kuosha vyombo bila kuambiwa na mtu.

Ningeweza kuzunguka dunia nzima kutafuta madhabahu iliyobaki, lakini kila nikitoka mlangoni nakutana na viumbe wa Hardmode wanaonila kama chipsi. Msitu wa Jungle upande wa kulia ulianza kugeuka zambarau huku naangalia. Na Jungle ndiko madini ya Chlorophyte yanakoota baadaye, ikiliwa na uovu umejikata mguu mapema. Mawe ya uovu nayo yanataka 65, kwa hiyo hata kuchimba handaki la kuuzuia nilishindwa, labda niende na mabomu ya kununua kwa Demolitionist kila hatua. Bei yake unaijua.

Kilichoniokoa ni kitu ambacho bingwa angeweza kuniambia kwa sekunde tano: mhusika wako anahama na mizigo yake kutoka dunia moja hadi nyingine. Nikafungua dunia mpya ndogo, nikachagua Corruption wakati wa kuiunda, nikapasua Shadow Orbs, zile tufe za uovu, hadi ya tatu, Eater akatoka, magamba nikayapata. Sururu kwanza safari hii! Nikashuka kuzimu ya dunia hiyo hiyo changa, nikachimba Hellstone, nikarudi nyumbani na Molten Pickaxe. Nilikuta nyumba ya Nurse, yule muuguzi, imeshazungukwa na zambarau, lakini nimerudi.

Kwako wewe bado asubuhi. Fanya hivi: magamba sita na vipande kumi na viwili vya kwanza ni vya sururu, hata kama unatembea kifua wazi. Zikibaki, vaa unachotaka. Kisha kusanya obsidiani juu huko kabla hujashuka, pale maji yanapokutana na lava, maana kuzimu maji yanakauka, huwezi kuitengenezea kule. Obsidiani 20 za kwanza zipeleke tanuruni utengeneze Obsidian Skull, la sivyo Hellstone inakuunguza kwa kuikanyaga tu. Na ukivunja jiwe lake lava inaweza kumwagika hapo hapo, kwa hiyo chimba kutoka pembeni, usichimbe unapokanyaga. Ukiwa na dawa ya Obsidian Skin, kunywa. Tanuru la huko liko ndani ya yale magofu, la kawaida haliyeyushi Hellstone.

Kipande kimoja ni Hellstone tatu na obsidiani moja. Molten Pickaxe ni vipande 20, yaani mawe 60. Seti ya deraya ya Molten ni vipande 45, mawe 135. Unaona mtego ulivyo uleule? Ukirudi na mawe sitini mkononi utajisikia kutengeneza kifua, kinatumia vipande 20 hivyo hivyo, kina rangi nzuri ya moto. Usithubutu. Seti ni nzuri, ulinzi 25, itakusaidia sana kwa Ukuta, ila irudie safari ya pili. Wale watakaokuja hapa chini kusema "mimi nilipiga Ukuta kwa dhahabu tu", sawa wakuu, hongereni, mwacheni huyu kijana.

Hardmode mchezo ni ule ule: kobalti ya kwanza iwe sururu (110, inafungua Mythril), Mythril ya kwanza kabisa fuawe yake na sururu (150, inafungua Adamantite). Ikiwa dunia yako imetoa Palladium au Orichalcum badala yake, hakuna shida, ni pacha wake. Madhabahu vunja tatu, simama, tazama umepata nini. Na acha kadhaa nzima.

Uliuliza pia mambo ya mchawi avae nini na nyumba za wahusika wengine zikae wapi. Wengine watakujibu, mimi sijawahi kucheza mchawi na nyumba zangu zote zililiwa.

Doli lifungie kwenye sanduku juu kabisa, mbali na mfuko wako. Binamu akija wikiendi mpe ndoano akae ufukweni, mwambie kuna samaki mmoja ni sururu ya asilimia 100.