Kitulo na watoto: wahini asubuhi, mshuke kabla ya radi

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki liliuliza familia yenye watoto wadogo iende mlima gani Nyanda za Juu Kusini likizo ya Desemba, na ijiandae vipi. Jibu langu ni Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, kwa sharti kwamba matembezi yawe yamekwisha saa 6 mchana. Familia nyingi zinazorudi kutoka kule zimenuna hazikushindwa na mlima. Zilichelewa kufika, mvua ikazikuta katikati ya uwanda usio na mti wa kujikinga, watoto wakalowa, na siku ikaishia ndani ya gari lenye vioo vilivyojaa ukungu.

Kwanza sababu ya kuchagua Kitulo. Mlima Rungwe, wenye mita 2,960, ni kazi ya siku nzima kwa mtu mzima mwenye pumzi, na sehemu kubwa ya njia ni msitu ambamo mtoto haoni kitu zaidi ya visigino vya aliye mbele yake. Mtorwi, unaouzidi Rungwe kwa mita 1 tu, nao waachieni vijana. Kitulo gari linawapandisha hadi kwenye mita 2,600 hivi, halafu mnatembea kwenye majani, vilima vyenye mgongo mpana na vijito vya kuruka. Hakuna tembo wala simba wa kuwafungia garini kama kule Ruaha, kwa hiyo mtoto anaitembea hifadhi kwa miguu yake mwenyewe. Hilo peke yake linatosha kwangu kuitanguliza. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ilipata hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2005, na kilichofanya ilindwe ni maua: zimeorodheshwa aina zipatazo 350 za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi zinazoota ardhini.

Maua hayo yanakuja na mvua, Desemba hadi Aprili. Ndiyo maana Desemba ni mwezi mzuri na mgumu kwa wakati mmoja. Likizo ya Juni inadanganya watu: anga linaweza kuwa safi mchana, lakini Juni hadi Agosti ni baridi kali na ukungu, usiku barafu inashika majani, na maua ni machache mno. Asiye na haja ya maua aende Septemba hadi Novemba, akatembee pakavu.

Sasa barabara, kwa sababu hapo ndipo siku inapopotelea. Njia ya kawaida kutoka Mbeya ni kufuata lami ya kwenda Dar es Salaam kilomita 78 hadi Chimala, kisha kukata kulia kupanda Matamba. Mpando huo unaitwa Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake. Ni barabara ya vumbi na mawe iliyobandikwa ubavuni mwa mlima, na malori ya viazi yanashuka humo. Kila kona piga honi kabla hujaiona. Gari liwe la fowili lenye tumbo la juu. IST au Noah inaweza kufika wakati wa kiangazi, ila Desemba mvua ikinyesha usiku tope linakuwa kama sabuni na gari dogo linasota palepale. Weka mafuta Mbeya au Chimala, usitegemee kuyapata juu. Beba jembe dogo, kamba ya kuvutia na tairi la akiba lenye upepo, maana wengi hulikagua siku wanapolihitaji. Njia ya pili inatokea Isyonje, kwenye barabara ya Mbeya–Tukuyu, kupitia Kikondo. Kwa anayetoka Uyole ni fupi, lakini wakati wa masika waulize madereva waliopo hapo Isyonje kabla ya kuacha lami. Wao ndio wanaojua kama jana gari lilipita.

Kona hizo zinatapisha watoto. Asubuhi wape uji mwepesi au mkate mkavu, wasile chapati za mafuta wala maziwa. Mwenye kichefuchefu akae dirishani upande usio na bonde, atazame mbali mbele, simu aiweke. Kipande cha tangawizi mbichi cha kutafuna kinasaidia wengi. Kiwepo kindoo chenye mfuniko miguuni, kwa sababu mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019 na ile mifuko mbadala inavuja.

Kwa barabara hiyo, kutoka Mbeya asubuhi na kutembea siku hiyohiyo kunawezekana kama mnaondoka saa 11 alfajiri. Ningependa zaidi mlale Matamba, kwenye nyumba za wageni za kawaida, ili saa 2 asubuhi mguu uwe juu ya majani. Wanaotoka Dar es Salaam walale usiku mmoja Mbeya kwanza, mita 1,700 hivi, kabla ya kupanda. Kutoka usawa wa bahari hadi mita 2,600 bila kupumzika, mtoto anaweza kuumwa kichwa, kukataa chakula na kutapika. Mnyweshe maji kidogo kidogo na apumzike. Akizidi kulegea, dawa ni kushuka. Msingoje asubuhi.

Malipo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hayapokelewi kwa fedha taslimu getini. Hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa benki au simu. Mtandao juu ni wa kubahatisha, kwa hiyo shughulikieni hilo mkiwa bado mjini. Watu wazima wabebe vitambulisho vya taifa ili watozwe kiwango cha raia. Mtoto wa chini ya miaka 5 halipi, na wa miaka 5 hadi 15 ana kiwango chake cha chini. Ombeni pia mwongozaji. Njia nyingi juu ni alama tu za kukanyagwa, na ukungu ukishuka hata mkubwa hajui alikotoka.

Mavazi ndiyo yanayoamua kama mtoto atafurahi au atalia. Joto hupungua takribani nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo Mbeya pakiwa na nyuzi 20, uwandani ni 14 au 15 kabla upepo haujaanza. Kosa kubwa ni jinzi na fulana ya pamba: vikilowa havikauki siku nzima, na nguo iliyolowa kwenye upepo inavuta joto mwilini kuliko kuvaa nguo nyepesi kavu. Mvisheni mtoto tabaka tatu: ya ndani nyembamba isiyo ya pamba, sweta, na juu koti la mvua lenye kofia. Mzula wa kichwani, soksi jozi mbili, moja ibaki kavu mfukoni. Soko la Mwanjelwa, Mbeya, lina mitumba ya baridi ya kila saizi, hamna haja ya kununua vitu vya gharama. Miguuni, gambuti zinafaa mtoto anayetembea saa moja au mbili kwenye majani yenye umande. Kwa mwendo mrefu zinachubua kisigino, avae raba zenye meno. Yeboyebo ziachwe garini. Jua la juu nalo linaunguza hata kukiwa na wingu, hivyo mafuta ya jua na kofia pana ni vya lazima, na kwa mtoto mwenye ualbino ongezeni mikono mirefu na miwani.

Mtoto wa mgongoni anahitaji uangalizi wa peke yake. Mama anayepanda kilima anatoa jasho, jasho linalowesha tumbo la mtoto kupitia mbeleko, na mtoto mwenyewe hatembei hivyo hajipi joto. Mkisimama, upepo unampiga upande wa mgongo na unyevu uko upande wa tumbo. Kila nusu saa mguseni shingoni na miguuni. Miguu inayoning'inia nje ya mbeleko ndiyo huganda kwanza. Soksi za mtu mzima zilizovutwa hadi magotini zinamtosha kabisa. Midomo ikianza kuwa ya bluu au mtoto akinyamaza isivyo kawaida yake, mvueni kilicholowa, muwekeni kifuani ndani ya koti, rudini garini.

Chakula kipikwe chini. Kwenye mita 2,600 maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi badala ya 100, na maharage yatawatoa jasho bila kuiva. Bebeni viazi vya kuchemsha, mayai, ndizi, karanga, maparachichi ya Rungwe, na chupa ya chai ya tangawizi yenye sukari. Maji lita 1 kwa mtoto, 2 kwa mkubwa. Mpeni mtoto kitu cha kutafuna kila dakika 40, kabla hajasema ana njaa. Akishasema, mmeshachelewa.

Katika kutembea, mtoto wa miaka 6 anakwenda kilomita 2 kwa saa ukijumlisha kusimama kwake kwenye kila kidudu. Msimkimbize, maana vidudu ndivyo alivyovifuata. Wekeni saa, si mahali: mkianza saa 2, saa 4 kamili mnageuka popote mlipo, hata kama maporomoko yanasikika mbele. Tembeeni mkiwa na upepo usoni wakati wa kwenda, ili kurudi uwe mgongoni watoto wakiwa wamechoka. Njia ya kuvuka milima ya Livingstone kushukia Matema waachieni wakubwa wenye magoti mazuri. Inashuka zaidi ya mita 2,000 hadi Ziwa Nyasa.

Maua yanaonwa kwa kuinama. Chukueni kamba ya mita 4, ifungeni ncha kwa ncha, watoto wanne washike pembe na kuilaza chini iwe mraba wa mita moja kila upande. Kisha wahesabu rangi zilizomo ndani, halafu maumbo ya majani. Mtoto aliyekuwa anauliza tunarudi lini ataomba mraba mwingine. Msichume hata moja, na waelezeni kwa nini. Okidi nyingi za hapa zina viazi viwili chini: kimoja cha mwaka uliopita kilichosinyaa, kingine kigumu kinachotunza chakula cha mwaka ujao. Hicho kigumu ndicho kilichochimbwa kwa wingi na kusafirishwa Zambia kupikwa chakula kiitwacho chikanda, na ukikitoa, mmea umekwisha. Uchimbaji huo ni sababu mojawapo ya uwanda huu kulindwa. Mtoto anayeelewa hivyo hatachuma, na atamkemea mjomba anayetaka kuchuma.

Kipunji msiwaahidi watoto. Nyani huyu alitangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005, ingawa Wanyakyusa walikuwa na jina lake siku zote, na anaishi juu kwenye miti ya misitu ya Rungwe na Livingstone, mwenye aibu. Waahidini ndege, na hasa tandawala, ndege mkubwa wa nyikani anayetembea kwa madaha kama bwana shamba.

Radi sasa, na hili naomba lisomwe mara mbili. Uwandani ninyi ndio warefu kuliko vyote vilivyo karibu. Mwanga ukimulika, hesabuni sekunde hadi ngurumo: kila sekunde 3 ni kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, matembezi yamekwisha, nendeni garini, fungeni vioo. Kama gari liko mbali, shukeni kutoka mgongo wa kilima, msikimbilie mti ulio peke yake, achianeni hatua kadhaa, kila mtu achuchumae miguu pamoja. Mwenye mwavuli aufunge.

Kuna wanaotaka kuunganisha Kitulo na Ziwa Ngozi siku moja. Haiwezekani kwa watoto, na wanaojaribu hukimbizana na giza kote kuwili. Ngozi ipeni siku yake. Mnaacha barabara ya Tukuyu pale Mchangani, mnapita mashambani kilomita 6 hivi, na kama njia ni kavu gari linapunguza sehemu kubwa, kisha ni saa moja ya kupanda msituni na kwenye mianzi hadi ukingoni. Mizizi ina utelezi hata siku isiyo na mvua, kila mtoto apate fimbo. Ziwa linaonekana lote chini ndani ya kreta, la kijani, zuri mno. Mtaambiwa kuna njia ya kushuka hadi majini. Ipo, inashuka wima zaidi ya mita 200 kwa kushika mizizi, na kurudi juu ni kwa mikono na magoti. Wa chini ya miaka 12 waishie ukingoni, tena mkubwa mmoja akimshika mkono mtoto mmoja, kwa sababu majani yanaficha mahali ukingo unapoishia. Wakitaka maji ya karibu, Daraja la Mungu, daraja la mwamba la asili kwenye mto Kiwira, liko njia hiyohiyo ya Tukuyu, na pale pia mikono isiachiwe.