Kwa mnaoanza kushika hukumu za zamani

Mtaletewa karatasi kwenye rambo, ule mfuko ulionusurika marufuku ya plastiki ya 2019. Mama ameshuka na basi la alfajiri kutoka Tukuyu, kajifunga khanga mbili kwa baridi. "Mwanangu, mtoto wangu hakuiba." Mwaka wangu wa kwanza wa usaidizi wa kisheria hapa Mbeya ningeanza kuandika palepale, hasira zote zikiingia kwenye hati. Siku hizi nampa chai, kisha namuuliza: "Mama, hukumu ilisomwa tarehe ngapi?"

Kesi ya Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu hutolewa ndani ya siku 10 na hati ya rufaa ndani ya siku 45. Siku za kungoja nakala ya hukumu na mwenendo, yaani kumbukumbu za yote yaliyosemwa kortini, hazihesabiwi. Ya Mahakama ya Mwanzo huenda Wilaya ndani ya siku 30. Walio gerezani, gereza la Ruanda hapa Mbeya au kwingineko, hupitisha karatasi zao kwa mkuu wa gereza.

Hukumu za zamani karibu zote muda umeshazipita, kwa hiyo mtaanza na maombi ya kuongezewa muda, pamoja na kiapo, yaani maelezo ya maandishi yaliyoapiwa. Hapo ndipo nilipoumbuka. Niliandika kurasa tatu za uonevu, nikaacha miezi saba haina maelezo. Maombi yakatupwa. Jaji anataka kila siku ya kuchelewa iwe na sababu yake: muhuri wa siku nakala ilipotoka masjala, barua za kukumbushia, kiapo cha ofisa magereza kama karatasi zilikwama huko. Ombeni kiapo hicho kwa adabu. Maafande si maadui zenu.

Mkipata mwenendo, usomeni wote, hata kama mwandiko wa hakimu ni safu za sisimizi. Kuna mmoja uliandikwa kwamba mshtakiwa alijibu ni kweli. Ukurasa wa pili, maelezo ya kosa hayakutaja mali ilikuwa ya nani. Aliyekiri sheria humwachia kulalamikia adhabu tu, lakini kukiri kwenye utata, au maelezo yasiyofikia kosa, mahakama huyasikiliza. Na kama mtu alitambuliwa usiku: mwanga gani, umbali gani, alitazamwa kwa muda gani? Tangu shauri la mtu aitwaye Waziri Amani, 1980, Mahakama ya Rufani, iliyo juu ya Mahakama Kuu, inauliza hayo hayo.

Msikimbilie kuiomba Mahakama ya Rufani ipitie upya hukumu yake yenyewe. Siku ni 60 na sababu zake ni chache: kosa la wazi kwenye kumbukumbu lililopotosha haki, kunyimwa kusikilizwa, uamuzi batili, kukosa mamlaka, hukumu ya hila au ya ushahidi wa uongo. "Majaji walipima ushahidi vibaya" haimo.

Na mwambieni mama mapema kwamba rufaa ikikubaliwa, mahakama inaweza kuamuru kesi isikilizwe upya badala ya kijana kurudi nyumbani. Yule wa Tukuyu nilimwambia. Alinyamaza, akafunga rambo yake mafundo mawili, akauliza kesho tunafungua saa ngapi.